Kilo Hamsini na Nane za Kanji

Kanji, ndugu mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa na uzito wa kilo hamsini na nane alipomaliza shule, na alikuwa na uzito huohuo alipotimiza miaka hamsini na mbili. Nyumba nyingine za Thika hujivunia madaktari na mawakili. Sisi tunao pia, lakini juu yao tulikuwa na Kanji.

Ninaandika habari zake kwa sababu mjini kumesemwa mengine. Imesemwa kwamba mguu wake uliharibiwa na pombe. Kanji hajawahi kuonja pombe. Katika nyumba yetu haijaingia chupa tangu babu yake alipofika nchi hii, na anayesema vinginevyo aje aniulize mimi, sio kunong'ona kwenye ngazi za hekalu.

Duka letu la vyuma liko nyuma ya soko. Baba mkwe ndiye aliyelifungua. Kuna mizani ya sakafuni, ya chuma cha kijani, ya kupimia misumari na nati kwa gunia. Kila mwaka, siku inayofuata Diwali, ambayo ni Mwaka Mpya wetu, mizani hiyo hupakwa alama ya unga mwekundu na kuwekewa maua ya manjano, kwa sababu ndiyo iliyotulisha. Baba mkwe aliongeza desturi yake mwenyewe: kabla ya gunia la kwanza la mwaka kupimwa, kila mtu wa familia hupanda juu ya mizani. Aliyenenepa huchekwa. Aliyebaki vilevile hupigiwa makofi, na Ba, mama mkwe wangu, humtilia kipande cha peremende mdomoni kwa mkono wake. Mimi nimekuwa kilo hamsini tangu nilipoolewa, na nimekula peremende hizo kila mwaka.

Mume wangu Rajiv naye hakubadilika. Alifariki akiwa na miaka arobaini na tisa. Moyo ulisimama akiwa anafungua kufuli la duka. Waombolezaji walisema, "Na alikuwa mwembamba hivyo!" Nilimjibu kila mmoja kwa heshima.

Baada ya hapo Kanji ndiye aliyefungua kufuli. Hakuoa. Alitoka nyumbani kwa miguu kabla ya maduka mengine kufunguliwa, akapanda ngazi tatu za mbele, akaketi kwenye kiti kirefu nyuma ya kaunta, na hapo alikaa mpaka jioni. Mteja akitaka kitu cha rafu ya juu, Wavinya, mfanyakazi wetu wa dukani, ndiye aliyepanda ngazi. Mteja akitaka gunia, Wavinya ndiye aliyeliburuta. Kanji alijua bei ya kila skrubu bila kuinuka. Alikunywa chai tamu na kutafuna chevda, ule mchanganyiko wetu wa karanga na dengu za kukaangwa, kutoka kwenye karatasi, na hakuna aliyeona chochote kikimzidi mwilini. Alivaa shati jeupe lililochomekwa ndani ya suruali, mikono yake ikiwa myembamba ndani ya shati hilo. Kulikuwa na kitumbo kidogo juu ya mshipi. Sisi tulikiita kitumbo cha chai.

Januari mwaka jana, kabla ya saa ya chakula, Wavinya alikuwa akifagia akasimama.

"Bosi, unatoka damu."

"Hiyo ni rangi," Kanji akasema. "Kuna mkebe unavuja."

"Rangi gani inatoka kwa kiatu? Angalia nyuma yako. Umechora barabara kutoka stoo mpaka hapo ulipokaa."

Kanji akainua mguu wa kulia. Msumari wa mabati ulikuwa umepenya soli ya kiatu ukaingia chini ya vidole, wote, mpaka kichwani. Aliushika, akauvuta, akaugeuza mbele ya dirisha.

"Huu si wetu," alisema. "Wetu hauna kichwa chepesi hivi."

Wavinya ndiye aliyenieleza haya, maana Kanji mwenyewe alirudi nyumbani jioni kwa miguu kama kawaida, na nisingejua kama nisingeona soksi.

"Haikuumi?" nikamuuliza.

"Haiumi, bhabhi," akasema, maana ndivyo tunavyomwita mke wa kaka. "Bahati nzuri."

Nilimwambia avue soksi ya pili. Nilimgusa vidole kwa ncha ya kalamu nikamwambia afumbe macho na aseme ninagusa wapi. Alikaa kimya, akisubiri nianze. Nilikuwa nimeshagusa vyote. Ndipo aliposema kwamba kwa muda mrefu miguu yake imekuwa kama imevaa soksi hata ikiwa mitupu.

Tulikwenda hospitali moja hapa Thika. Sukari katika damu yake ilikuwa zaidi ya mara tatu ya inavyopaswa kuwa. Daktari kijana alimpiga picha ya tumbo pia, akaitazama kwa muda, akafungua mlango ili amwite muuguzi, na mlango ukiwa wazi akauliza:

"Mzee, unakunywa kiasi gani?"

"Vikombe vitano, sita."

"Nauliza pombe. Ini lako limejaa mafuta."

"Daktari," nikasema, "funga mlango."

Aliufunga, lakini kwenye benchi la nje alikuwa ameketi Sheetal, mke wa mwenye duka la vitambaa, akisubiri kuonwa goti lake. Alisikia ini na alisikia pombe. Mwilini mwa Sheetal goti ndilo bovu. Masikio ni mazima kabisa.

Kanji alipewa vidonge na dawa ya kusafishia kidonda. Ukutani palikuwa na picha ya mtu mnene mwenye shati lililokatika vifungo, na chini yake maagizo: punguza uzito, punguza kula. Kanji aliyasoma yote akiwa amesimama, kama mwanafunzi mzuri. Akarudi nyumbani akafanya kile ambacho watu wetu hufanya wakiambiwa mwili una kosa. Alifunga.

Sisi hufunga siku ya kumi na moja ya mwezi, na wengine Jumatatu. Kanji akaongeza Alhamisi, kisha Jumamosi. Katika kufunga kwetu haturuhusiwi nafaka wala kunde. Hatuli mchele, ngano, dengu wala maharagwe. Tunachoruhusiwa ni viazi vilivyokaangwa kwa samli, sago iliyopikwa na karanga, ndizi, na maziwa yaliyochemshwa na sukari mpaka yakawa mazito. Ba alimpikia mwenyewe. Ana miaka themanini na moja na haonekani jikoni siku nyingine, lakini kwa mfungo wa mwanawe alisimama mbele ya jiko akachochea maziwa.

Kufikia Machi mizani ilisema hamsini na nne. Haukuwa Mwaka Mpya, lakini Ba alipiga makofi.

Kidonda hakikufunga. Kilikuwa kikubwa kuliko sarafu, kisha kikawa kikubwa kuliko kifuniko cha chupa. Nilianza kufungua madirisha asubuhi na kuwasha ubani mapema kuliko saa ya sala. Hatukuzungumza juu ya harufu. Kanji aliendelea kwenda dukani, sasa kwa bodaboda, na ngazi tatu za mbele alizipanda akishika ukuta. Kila alipofika alifungua kufuli mwenyewe, wala hakumruhusu Wavinya kulifungua.

Aprili daktari wa Thika aliondoa bendeji, akaangalia, akaweka kidole chake juu kidogo ya kifundo cha mguu, akakivuta kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Nikikuta kiko hivi mwezi ujao, tutakata hapa."

Kanji alikitazama kile kidole kama anavyomtazama mteja anayetaka kupunguziwa bei.

"Na hapo kwenye mizani," akauliza, "nitapungua kilo ngapi?"

Daktari hakujua kama acheke. Mimi nilikunja bendeji ya zamani nikaiweka ndani ya mfuko. Ndani ya gari Kanji aliniambia jambo moja tu, kwamba mtu hapandi ngazi tatu kwa mguu mmoja akiwa na funguo mkononi, na kwamba hatakaa nyumbani na Ba kutwa nzima akingojea chai. Nikamwambia hakuna anayemtaka akae.

Binti yangu Mehak anafundisha shule ya watoto wadogo Ruiru na amepanga nyumba hukohuko. Alikuja Jumapili, akamwona amu yake akila sago kwa kijiko, mguu ukiwa juu ya mto.

"Mama, Ruiru kuna kliniki ya sukari. Kuna dada mmoja anaitwa Tabby anaangalia chakula na mwili. Mwalimu mwenzangu alipona kidonda huko. Niwapeleke."

Nilikubali kwa sababu ilikuwa Ruiru. Hakuna mtu wa hekalu letu anayekwenda Ruiru kutibiwa.

Tabby alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na wazee wasiosikia.

"Karibuni. Mgonjwa ni nani? Ni wewe, mama?"

"Ni mimi," akasema Kanji.

"Wewe? Na vile uko mwembamba hivyo, kama kijana wa picha za gazeti?" Kisha akaona mguu, na mzaha ukaisha. "Haya. Mguu huo hatuukanyagi. Kaa hapa. Shika hii, finya kwa nguvu zako zote."

Kanji akafinya.

"Mzee, nimesema zote."

"Ndiyo hizo."

Tabby akaangalia kipimo, akakiangalia tena. Akampima mzunguko wa mkono wa juu, wa shavu la mguu, kisha wa tumbo juu ya kitovu. Akampa kifaa chenye vipini viwili akamwambia akishike mbele ya kifua na asiongee. Kifaa hicho hupitisha umeme mdogo usiosikika mwilini, na kutokana na namna unavyopita hukadiria mafuta ni kiasi gani na misuli ni kiasi gani. Kilipomaliza kikalia.

"Sasa," Tabby akasema, "ukikula sukari inaenda wapi?"

"Tumboni."

"Halafu?"

"Kwa damu."

"Halafu? Haikai kwa damu milele. Inatafuta misuli. Misuli ndiyo inaitumia, na ikibaki inaiweka. Yako mzee imeisha. Hii mikono ni mifupa na ngozi, na hapo katikati ni mafuta. Kwa hivyo sukari inazunguka kwa damu haina mahali pa kukaa, inaharibu mishipa ya miguu, inaharibu macho. Ile ingine, ini linageuza mafuta linajiwekea. Hayo hutayaona kwa shati. Yamekaa ndani, katikati ya matumbo."

Kanji akafikiri.

"Stoo ni ndogo, na lori bado linashusha mzigo."

"Eeh! Umeelewa kunishinda. Sasa niambie unakula nini."

"Siku nyingi ninafunga."

"Siku ukifunga, unakula nini?"

"Sili nafaka kabisa."

"Sijauliza usichokula."

"Viazi. Sago. Maziwa."

"Maziwa yana sukari?"

"Kidogo."

"Amu," akasema Mehak, "mimi nimeona bakuli."

Tabby akaweka kalamu chini. "Mzee, huko si kufunga. Hiyo ni arusi. Unaondoa ndengu na maharagwe, zile zenye ungejengea misuli, unabaki na wanga na sukari. Zile kilo nne umepoteza, nyingi ni misuli. Unabomoa stoo na lori bado liko mlangoni. Na kidonda kitajifunga na nini?"

"Lakini sijabadilika tangu shuleni," Kanji akasema. Alikuwa akiniambia mimi, sio Tabby. "Hamsini na nane. Kila mwaka."

"Kilo ndizo hazijabadilika," Tabby akasema. "Misuli ilitoka, mafuta yakaingia mahali pake, pole pole. Mizani inaona uzito tu. Na nyinyi watu wa asili ya Kihindi mnapatwa na hii sana. Mtu ni mwembamba nje, ndani amenona. Anasifiwa mpaka siku anaanguka."

Kanji akatazama mikono yake. "Na Rajiv?" akauliza.

Tabby hakumjua Rajiv. Akamtazama Mehak, Mehak akanitazama mimi, mimi nikatazama dirishani. Nje mwanamke alikuwa akianika mashuka. Nilimtazama mpaka akamaliza kamba nzima.

"Tuendelee na chakula," nikasema.

"Sawa. Mayai?"

"Hatuli mayai."

"Kuku?"

Mehak akakohoa.

"Samaki basi."

"Binti yangu," nikasema, "hatuli kitu kilichokuwa na mama."

"Haiya! Basi ndengu. Maharagwe, maziwa ya mala, karanga, ile jibini yenu nyeupe. Kila mlo, si siku ya sikukuu tu. Na dukani kuna nini cha kubeba?"

"Kila kitu," akasema Kanji.

"Nani anabeba?"

"Wavinya."

"Wavinya atapumzika. Utabeba ukiwa umekaa, mguu usiguse chini. Mkebe wa rangi kila mkono, juu, chini. Kidonda kikipona tutafika kwa miguu."

Daktari wa kliniki hiyo alimwanzishia sindano za insulini siku hiyohiyo, akampa kiatu kilichotobolewa chini ili kidonda kisibebe uzito.

Siku ya kumi na moja ya mwezi ilipofika, Ba alimkuta Kanji mezani akila ndengu. Alijifunika kichwa kwa ncha ya sari yake kama aliyeingia kwenye msiba.

"Siku ya leo? Baba yako angekuona!"

"Ba, baba alikufa na nini?"

"Uzee."

"Alikuwa na miaka hamsini na sita."

Ba alikwenda jikoni akakaa kando ya sufuria ya maziwa aliyoyachemsha, na yalipopoa akayamwagia miche ya mchicha nyuma ya nyumba. Kuanzia hapo hakumpikia tena, wala hakumzuia.

Dukani Wavinya alisherehekea. Kanji aliketi kwenye kiti chake kirefu, mkebe wa rangi mkono huu na mkebe mkono ule, akiinua. Wateja wakasimama mlangoni.

"Bosi, hiyo ni lita moja. Mtoto wa nasari anabeba."

"Nyamaza, hesabu."

"Nahesabu nini? Umeinua mara nne ukapumzika kama mtu amejenga nyumba."

Baada ya wiki chache ilikuwa mikebe ya lita nne, na Wavinya akahesabu bila kuambiwa.

Mwezi ulipokwisha tulirudi kwa daktari wa Thika. Kidonda kilikuwa kimeanza kujijaza kutoka chini, nyama ya waridi, safi. Lakini vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimekwisha kuwa vyeusi, na hivyo havikurudi. Vilikatwa Mei. Kanji hakuhisi kitu kabla ya dawa ya ganzi, na baada yake hakuona tofauti. Daktari aliangalia mahali alipokuwa amevuta kidole chake juu ya kifundo, akasema, "Hapa hatutahitaji."

Siku ya kwanza aliporuhusiwa kukanyaga, Kanji alizipanda ngazi tatu, akafungua kufuli, akaingia. Mimi nilikuwa ndani ya gari. Niliona mlango ukifunguka, nikamwambia dereva twende.

Hekaluni, Sheetal alinijia tukiwa tunavaa viatu. Kulikuwa na wanawake wengine wanne au watano.

"Ansuya-ben, tumesikia Kanji amekatwa. Pole sana. Pombe ni kitu kibaya."

Nina binti ambaye hajaolewa. Katika jamii yetu mlevi mmoja ni aibu ya mtu mmoja, lakini sukari huhesabiwa kwenye damu ya nyumba nzima. Nililijua hilo nilipofungua kinywa.

"Ni sukari," nikasema. "Alikuwa mwembamba, na wembamba ule ulikuwa umejaa mafuta ndani. Ndugu yake naye alikuwa na umbo hilo, na baba yao. Na wewe Sheetal, kando ya goti, una umbo zuri sana. Nenda ukapime."

Hawakuniuliza tena. Wawili walinipigia simu baadaye, kila mmoja kivyake, wakitaka kujua kliniki ya Ruiru iko upande gani wa barabara.

Diwali ikafika. Asubuhi ya Mwaka Mpya Wavinya aliisugua mizani, Ba akaipaka unga mwekundu, tukaweka maua. Ba alipanda kwanza, kisha Kanji. Alipanda kwa mguu wa kushoto, akauleta wa kulia, akasimama wima bila kushika kitu. Mshale ukapita hamsini na nane. Ukasimama sitini na moja.

Juma lililotangulia kifaa cha Tabby kilikuwa kimesema misuli imeongezeka, na utepe ulikuwa umesema tumbo limepungua. Mehak na mimi tulilijua hilo. Lakini pale dukani palikuwa na mshale tu, na watu waliokuwa wameuzoea mahali pengine. Wapwa waliokuja kwa sikukuu walimtazama Ba. Ba aliutazama mshale.

"Umenenepa," akasema.

"Ndiyo, Ba," Kanji akajibu, akashuka.

Nilikuwa nimekusudia kupiga makofi. Mehak alipiga, mara mbili, akaacha. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya peremende.

Ikawa zamu yangu. Nilimpa Mehak sahani, nikavua viatu, nikapanda. Mshale ulikwenda moja kwa moja hadi hamsini, kama ulivyokwenda mwaka niliokuja nyumba hii nikiwa bibi arusi, na kila mwaka tangu hapo.

Wakapiga makofi, wote. Ba alicheka, akavunja kipande cha peremende, akauinua mkono wake kuelekea kinywa changu. Nilitazama mkono wangu mwenyewe ulioshika sari. Bangili zilizokuwa zikinibana nilipoolewa zilikuwa zimeteremka mpaka kwenye vifundo vya vidole. Kanji hakupiga makofi. Alikuwa amesimama kando ya magunia, akizitazama bangili zilezile.

"Bhabhi," akasema, "Jumanne nakwenda Ruiru. Safari hii kifaa utakishika wewe."

Nilifungua kinywa, Ba akatia peremende. Niliimeza kwanza.

"Nitakuwa tayari," nikasema.

Nikashuka. Wavinya akaburuta gunia la kwanza la mwaka.